Mkwe Mwenzangu wa Mtoni

Arobaini ya mke wangu Zainabu ilisomwa Jumapili, na jioni ile ile watu wa ukoo wake wakaniletea salamu kwamba Ijumaa, baada ya swala, watakuja tuzungumze. Sikuuliza tutazungumza nini. Kwa Wamwera wa upande huu mtoto ni wa mama, shamba ni la mama, na mwanamume akioa ndiye anayehama kumfuata mke kwao. Mke akitangulia, na hakuna mtoto aliyebaki, wakwe humwita yule mgane, humshukuru kwa miaka aliyolima nao, kisha humpa ruhusa yake arudi alikotoka. Husemwa kwa adabu sana, tena baada ya wali, lakini maana yake ni ile ile. Mimi nilikotoka ni milima ya Kimatumbi, ambako sijui kama yupo hata mtu mmoja anayeikumbuka sura yangu. Hata hivyo Jumatatu nilifunga mkoba: kanzu mbili, shuka, redio, miwani yangu ya akiba. Nikauliza na basi la kutoka Nangurukuru huondoka saa ngapi. Mimi ni mtu wa kiburi, nimeambiwa hivyo tangu ujana, na sikutaka waje wanifukuze wanikute nimekaa tu kama mtu aliyetarajia kubaki. Mkoba nikauweka karibu na mlango, nikarudi kibarazani kuwasubiri na hasira yangu.

Katikati ya wiki hiyo, kabla Ijumaa haijafika, akaja binti mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa Rasbura pale Lindi mjini, amevaa mabuti na amebeba mifuko midogo ya plastiki. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamuuliza anatafuta nini. "Babu, naokota mavi ya nyani," akasema, bila kuona haya hata kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba. Akanieleza kwamba siku hizi si lazima kumkamata nyani wala kumtoa damu. Ndani ya mavi yake mna vya kutosha kumwonyesha mtaalamu nyani yule ni wa ukoo gani, nani ndugu yake, na damu yake ilitoka wapi. Wazee walimwambia mimi niliwajua nyani wa hapa zamani. "Tunaona kundi la mtoni lina damu ya upande wa Kikole," akasema. "Sasa hivi hakuna njia, mashamba na barabara vimekata pori. Kwa hiyo lazima kuna dume aliyevuka zamani, au madume kadhaa. Unakumbuka nyani kupita huku?" Nikamwambia sikumbuki nyani, namkumbuka nyani mmoja. Akatabasamu, akidhani ni utani wa wazee. Akaandika kidogo, akanywa uji wangu, akaondoka kwenda mtoni, na mimi nikabaki na mwaka mzima umeketi karibu nami barazani.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni, ingawa ulipoanza hatukujua kwamba tungeuita hivyo. Nilikuwa mkwe wa mwaka wa pili, na mtoto wetu wa kike, Esha, alikuwa anatambaa. Chumba chetu kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Bi Tabu, mama yake Zainabu, katika kitongoji kilichoitwa Kwa Bi Esha kwa jina la bibi yao aliyekifungua. Mtoto wetu alirithi jina hilo. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na msumari mmoja wa kutundikia nguo zote. Kati ya chumba na jiko kulikuwa na ukuta wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umebanduka juu karibu na paa, kwa hiyo harufu ya kisamvu na maneno ya jikoni vilinifikia kwa pamoja. Heshima ya pale ilitaka mama mkwe na mkwe wasitazamane usoni wala wasisemezane. Bi Tabu aliishika heshima hiyo barabara, lakini hakuwa mtu wa kunyamaza, basi alikuwa akizungumza na kuku. "We kuku," atasema uani akiwa amenipa mgongo, "waambie wanaolala mpaka jua linawachoma kwamba nyani wameshaamka." Nami nitamjibu kuku yule yule, "Mwambie mama nimesikia, natafuta panga." Zainabu alikuwa akiziba mdomo kwa kanga asisikike anacheka.

Lakini si yote niliyoyasikia yalinichekesha. Jioni moja wakimenya ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo sikuijua kabla ya kuoa huku na ambayo sasa siwezi kukaa msimu bila kuila, nilimsikia Zainabu akinisifu. "Anakula vizuri siku hizi, mama. Amezoea." Bi Tabu akajibu, "Kula hata nguruwe anakula. Nakuuliza kulima." "Analima, mama, si unaona mwenyewe." Kisu kikaendelea kukwangua. "Analima kama mtu ambaye mzigo wake umefungwa tayari," Bi Tabu akasema. Nililala chali kwenye kitanda kile cha kamba nikitazama nguo zangu juu ya msumari, na maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kila nilipokosana na mtu nilihesabu moyoni njia ya kurudi milimani. Sikujua kwamba jembe linaweza kumsemea mtu.

Kazi ya mkwe kule ilikuwa dungu. Kila shamba lilikuwa na kichanja chake cha miti, kimeezekwa makuti kidogo kwa kivuli, na mkwe ndiye aliyekaa juu mchana kutwa kulinda mahindi na mihogo dhidi ya nyani. Wakwe walimpima mtu kwa hilo. Mtu anaweza kulima kwa nguvu mbele za watu, lakini dunguni yuko peke yake, na jioni mahindi yenyewe yanatoa taarifa. Nyani wa mtoni walikuwa wajanja kupita kiasi. Walikuwa wakija na jua la saa za uji, majike mbele na watoto wamewapanda mgongoni, wakakaa pembezoni wakinitazama kama watu wanaosubiri duka lifunguliwe. Nikishuka huku, wengine huingia kule. Nilirusha mawe, nilipiga debe, nilitukana kwa Kimatumbi, na baada ya miezi nikaanza kuwajua mmoja mmoja, huyu mwenye mkia uliopinda, huyu bibi kizee anayependa muhogo mchanga, huyu anayenyang'anya wenzake. Majike wale walikuwa ukoo mmoja, mama, binti na madada, wakikaa pamoja na kuchambuana manyoya vile vile kama akina Zainabu walivyosukana barazani.

Kipupwe kilipoingia akaja Dokta Kahwa, mtu wa Bukoba, mtafiti kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na Landrova, hema, na matundu ya waya ambayo aliyatega kwa mahindi. Msimu uliotangulia alikuwa upande wa Kikole. Nyani akinasa, humchoma sindano ya usingizi, humtoa damu kidogo, humkata ncha ya sikio iwe alama, kisha humwacha azinduke aende zake. Damu aliitia kwenye vichupa, vichupa kwenye sanduku la barafu, na Landrova ikakimbia nayo kabla barafu haijayeyuka. Watu wakampa jina siku ile ile: Bwana Damu. Alipanda dunguni kwangu kuomba nimwonyeshe miti wanayolala nyani, nami nikamwonyesha, kwa sababu mtu anayekaa juu ya kichanja kutwa nzima humpenda yeyote anayepanda kumsalimia. Siku nyingine alinikaribisha hemani, akanipa chai ya maziwa ya kopo iliyojaa sukari, nami nikamuuliza damu ya nyani ina faida gani.

"Natafuta nani ametoka wapi," akasema. "Jike anabaki pale alipozaliwa, na mama yake na dada zake, maisha yake yote. Dume akikomaa anahama. Wakati mwingine hafukuzwi na mtu, anaamka tu siku moja anakwenda. Anavuka pori peke yake, wengine wanaliwa na chui njiani. Akifika kwenye kundi la wageni hakuna anayemtaka. Anakaa pembeni miezi mingi, wanamzomea, wanamng'ata, mpaka jike mmoja amzoee." Nikamuuliza kwa nini basi asikae kwao ale raha. "Kwao wote ni ndugu zake. Damu ikizunguka humo humo kundi linadhoofika, watoto wanakufa ovyo. Yule mgeni wanayemzomea ndiye anayewaletea damu mpya." Hilo lilikuwa jepesi kwangu kulielewa, maana Bi Tabu mwenyewe kila baada ya muda alibadilishana jogoo na watu wa Kikole ili vifaranga wasidhoofu. Nikamwambia, "Dokta, hao nyani wanaoa kama sisi." Akacheka sana, kisha akaniona sicheki, akanimiminia chai nyingine.

Siku chache baadaye nikiwa dunguni nilimwona dume mgeni. Alikuwa amekaa mbali na kundi, kwenye kichuguu, mkubwa lakini amekonda, na sikio lake la kushoto halikuwa na ncha. Dokta alipomwona kwa darubini yake aliruka kama mtoto. Alikuwa amemkata sikio hilo yeye mwenyewe kule Kikole. Kundi likisogea, naye alisogea, likikaa, naye alikaa, daima kwenye kingo. Akijikaribisha, majike hupiga kelele na madume wenyeji humkimbiza mpaka mtoni. Kesho yake yuko pale pale, ana kidonda kipya. Habari ikafika uani, na tangu hapo wanawake wakapata la kusema. Wakipita na ndoo chini ya dungu langu walikuwa wakiita, "Saidi, mkwe mwenzio kaja! Mkaribishe, mpe hata muhogo!" Nami niliwajibu, "Mwenzangu hana mama mkwe, ana nafuu." Walicheka mpaka maji yakamwagika. Hata Bi Tabu nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimuuliza Zainabu, "Yule mwingine ameshakubaliwa?" na Zainabu akauliza mwingine yupi. "Yule wa mtoni. Huyu wa hapa namwona mwenyewe."

Aliyekuwa hacheki ni Mjomba Athumani, kaka yake Bi Tabu na msemaji wa ukoo. Yeye alikua akisikia habari za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao na kuzipeleka mjini kufanyiwa dawa, na sasa alimwona mtu wa mjini, ana sindano, ana vichupa, ana gari linalokimbia. "Mkwe," aliniambia mbele ya watu, akichagua maneno, "leo ni damu ya nyani. Mimi nauliza tu, kesho ni ya nani?" Nikamweleza habari ya jogoo na vifaranga. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe umeshika vichupa vile kwa mikono yako?" Nikasema ndiyo, nilimsaidia kuvibeba. Akaitazama mikono yangu, akaondoka. Lakini tangu siku ile nilikuwa nikitoa salamu pale kwake, jibu linakuja limepoa.

Kisha Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ikafika kwetu. Tulikuwa tunasikia habari zake mbali, na tulidhani zitabaki mbali. Mabibo yalikuwa yameanza kuwiva, uwanja mzima unanukia, na korosho zinaanguka zenyewe. Wakaja mgambo na lori, wakasema wote tunahamia kijiji kipya kando ya barabara, penye shule na maji. Sisemi shule ilikuwa mbaya. Nasema korosho zilibaki chini. Paa ziliezuliwa mbele ya macho yetu ili tusishawishike kurudi, na ukuta ule wa jikoni uliojua siri zangu zote ukasimama juani bila kofia. Kule barabarani bwana mmoja aliyevaa kofia ya kaki aliita viwanja kwa majina ya wanaume. Akaita, "Saidi Juma, kiwanja chako hiki. Mke, mtoto mmoja, na mama mkwe, tegemezi." Nikamwambia amekosea, nyumba kwetu huwa ya mama, mimi ndiye niliyekuja. Akanitazama kwa huruma. "Ndugu, mwanamume ndiye kichwa cha nyumba. Unataka Serikali ikubembeleze?" Bi Tabu alikuwa amesimama nyuma yetu na tenga la kuku kichwani. "Kuku," akasema, "umesikia? Nimekuwa mgeni wa mkwe." Safari hii hakuna aliyecheka.

Hakuna kosa lingeweza kutuumiza vizuri kuliko lile, na yule bwana alilifanya kwa nia njema, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana. Mama mkwe hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Kwa hiyo Bi Tabu, aliyekuwa na nyumba, shamba na mikorosho iliyopandwa na mama yake, alijijengea kibanda cha makuti uani kwangu, akapika humo na kulala humo, hata mvua zilipoanza. Zainabu alikuwa akitoka na kuingia kati yetu na sahani za ugali wa muhogo, uso umemnywea. Mjomba Athumani alizunguka kijiji kipya akisema mkwe wetu ametuchukulia nyumba, na wapo waliomsadiki. Mashamba mapya nayo yalikuwa yamefyekwa yote upande mmoja, mkanda mrefu mweupe kutoka barabarani mpaka karibu na mto. Dokta alikuja kuaga, ruhusa yake ilikuwa imekwisha, akasimama barabarani mikono kiunoni. "Hapa ndipo madume walikuwa wanapita," akasema. "Nani atavuka uwanja mtupu namna hii? Labda yule rafiki yako ndiye wa mwisho." Akanipa mkono, na watu waliniona nikiupokea.

Surua iliingia kijijini na mvua. Kule Kwa Bi Esha nyumba zilikuwa mbalimbali, mtoto akikohoa jirani hasikii. Pale barabarani tulikuwa tumebanana, na ugonjwa ulipita mlango kwa mlango. Esha alikuwa ameanza kusema bibi. Macho yalimgeuka mekundu, akawa hataki mwanga, tukamfunika kwa kanga ya mama yake. Bi Tabu alikuja mpaka kizingitini, akakaa nje kwenye matone ya paa, akinyoosha mkono tu ndani kumshika mguu, kwa sababu hata hapo hakuingia nyumbani mwangu. Mtoto alifariki asubuhi, uji wake upo kando ya kitanda. Watu walianza kuzungumzia makaburi mapya ya kijiji, na sauti ya Bi Tabu ikatoka kibandani, "Mtoto wa Bi Esha atalala Kwa Bi Esha." Basi tukambeba mpaka kule. Nyumba hazikuwa na paa, nyasi zilikuwa zimeota vyumbani, na korosho zetu za mwaka ule zilikuwa nyeusi chini ya miti. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi sana.

Nilirudi peke yangu, nyuma ya wenzangu, nikipita pembeni mwa shamba la zamani. Dungu langu lilikuwa limeinama lakini bado limesimama, na juu yake alikuwepo yeye, mwenye sikio lililokatwa. Hakuwa amekonda tena. Kando yake jike mmoja alikuwa akimchambua manyoya, na mtoto mdogo mweusi alikuwa ameshikilia kifua cha dume yule, anamvuta, anateleza, anamshika tena. Naye alimwacha amchezee. Nasema wazi, nilimwonea wivu nyani. Niliokota bonge la udongo nikalirusha kwa nguvu zangu zote, likapasuka kwenye mguu wa dungu. Jike alikimbia. Dume hakukimbia, alimfunika mtoto kwa mkono wake mmoja, akanitazama, na mimi nikakaa chini kwenye nyasi nikalia mpaka nilipoishiwa machozi.

Siku ya kuanua tanga wanaume tulikaa mkekani ndani ya nyumba ile iliyoitwa yangu, wanawake wako chumbani nyuma ya pazia la kanga. Baada ya dua na wali, Mjomba Athumani akakohoa. "Mkwe, tumekaa nawe, hatukugombana," akasema. "Lakini nyumba imeandikwa jina lako. Binti yetu, aliyekuwa arithi jina na mashamba, amefia mikononi mwako. Na mikono hiyo ilishika damu, tuliiona. Sisi hatukulaumu. Tunakuomba ukapumzike kwenu." Nilitazama pazia. Nilimsubiri Zainabu aseme neno, hata neno moja, naye hakusema. Mjomba akisema, mpwa wa kike hanyanyui sauti, na yeye hakuwa na sauti ya kunyanyua, ilikuwa imekwisha kwa kulia. Wakati ule sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba pazia halikutikisika. Nikaanza kufikiria mzigo wangu, na nikakumbuka kwamba kule kwenye chumba cha zamani ulikuwa umefungwa siku zote.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia Bi Tabu. Aliingia ndani ya nyumba ya mkwe, mbele ya wanaume, hakujifunika uso, akaja akasimama mbele yangu akanitazama machoni. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake. Yalikuwa kama ya Zainabu. "Saidi," akasema. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake pia. "Mtoto wangu ulimlaza ubavu gani?"

"Wa kulia, mama. Nilimwelekeza kibla."

"Shavu lake uliliweka juu ya nini?"

"Juu ya udongo, mama. Nilitengeneza kwa mkono, nikatoa vijiwe."

"Pale pana mikorosho. Kulikuwa na mizizi?"

"Ilikuwepo mmoja. Niliukata, nikausukuma pembeni usimguse."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kwamba nyumbani wote wamelala salama. Kisha akamgeukia kaka yake. "Athumani, siku ile ulikuwa umesimama juu na wenzako. Aliyeshuka chini na mtoto wangu ni huyu. Umewahi kumwona mtu anayetaka kurudi kwao akitoa vijiwe?" Mjomba akasema kwamba desturi ni desturi. "Desturi naijua, nimeilalia mvua nzima kwenye makuti," akasema Bi Tabu. "Maadamu mimi niko hai, huyu haendi popote." Akatoka kwa mlango alioingilia, na nje tukamsikia akimfukuza kuku kwenye unga.

Hakunisemesha tena uso kwa uso tangu siku hiyo, wala mimi sikutegemea. Alirudi kwa kuku wake na mimi nikarudi kwa jembe, na nadhani nililima kwa namna nyingine. Zainabu alishika mimba nyingine baadaye, hazikufika. Mwenzangu wa mtoni nilimwona miaka kadhaa, amenenepa, ana watoto wanaomkanyaga, kisha siku moja sikumwona tena. Damu yake iko mpaka leo, yule binti wa Rasbura ameikuta kwenye mavi. Yangu haiko kwa mtu yeyote anayetembea. Ndiyo maana wiki hii sikulala vizuri. Maadamu mimi niko hai, alisema, na Bi Tabu alifariki zamani. Zainabu naye amemfuata. Na kati ya wale waliokaa mkekani siku ile nimebaki mimi.

Ijumaa walikuja. Alitangulia Somoe, mtoto wa dada yake Zainabu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo siku hizi, na nyuma yake kaka yake Hamisi, suruali imejaa majani na matope. Nilimkaribisha Hamisi nikimkunjia uso kwa kuja msibani vile. Tukala wali na mchuzi wa samaki mkavu. Wakaniuliza mguu wangu unaendeleaje, wakasifu samaki, wakazungumza bei ya korosho mpaka nikatamani kuwapigia kelele waseme walilolijia. Mwishowe Somoe akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri, nikajua ndiyo sasa.

"Baba mdogo, tumetoka makaburini," akasema. "Hamisi amefyeka pale kwa mama mdogo na kwa Esha. Sasa pana mkorosho mchanga umeota ubavuni mwa mtoto, ule upande mwingine. Hatukutaka kuung'oa bila kukuuliza."

Nikamwambia mkorosho hauna kosa, waung'oe kwa sababu gani.

"Mizizi," akasema Hamisi. "Tukiuacha itajaa kwenye nafasi yako, iwe shida kuchimba."

Nikayatazama tena majani na matope ya suruali yake. Somoe alikuwa ameinuka kukusanya sahani, na alipofika mlangoni akajikwaa kwenye mkoba. Akautazama, akauinua kidogo kuupima uzito, kisha akanigeukia na uso wa bibi yake.

"Baba mdogo," akasema, "kwani ulikuwa unakwenda wapi?"